Mtani wa Mchezoni

Tangu ajali imlaze kitandani, Bashiru wa Milola alibakiwa na mtani mmoja, Mmatumbi aliyekutana naye kwenye mchezo wa mtandaoni. Kila alasiri walichokozana, Mmatumbi akimcheka:

"Mmwera wee, bunduki unaishika kama jembe!"

Leo mchezo ulikataa kufunguka. Mpwa wake Zakia alimsomea maandishi: kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, kama yake, haziruhusiwi tena.

"Weka Windows basi, mwanangu."

"Mjomba, kompyuta hii kuukuu haiiwezi."

"Basi mtafute mtani wangu kwa simu."

"Anaitwa nani?"

Bashiru hakuwahi kumwuliza. Miaka miwili walikuwa wakiitana mtani tu. Alisali alasiri akiwa amelala, na alipoinua mikono kumwombea rafiki yake, alikwama palipohitaji jina.