Hatuna Neno na Mtu

Kaka yangu Laith aliangushwa na walinzi watatu kwenye stesheni ya treni, huko Ulaya alikokwenda kusoma. Walimtaka tikiti, akawaonyesha. Wakasema kaiba, mtu mweusi kapata wapi tikiti ya mwaka mzima? Kichwa kikapiga ukingo wa saruji, na polisi wakaandika kwamba aliteleza.

Siku ya pili ya matanga, nyumba yetu mjini Ibra, huku Uarabuni, imejaa watu, polisi mmoja wa kule akapiga simu. Kiingereza nyumbani ninacho mimi, basi nikaitwa, nikasimama mlangoni kwa wanaume na simu mkononi. Aliuliza kama familia inapinga maelezo yao ya ajali.

Baba, Mzee Muhanna, alikuwa akipokea pole tangu alfajiri. Nilipomfasiria swali, nalo akalijibu vilevile.

"Alhamdulillahi, tumeridhia kadari ya Rabbi. Hatuna neno na mtu."

Matangani kwetu hakuna anayejibu vingine. Ukijibu vingine utaonekana huna imani. Nami, mpumbavu mwenye shahada, nikafasiri neno kwa neno. Polisi akashukuru, akashukuru tena. Shukrani zile zilitosha kunishtua, wala sikushtuka.

Miezi mitano baadaye akanipigia Mwanaheri, mwanamke wa Mombasa aliye katika chama kinachofuatilia ubaguzi nchini mule. Kila mwaka hutoa ripoti: nani kapigwa, nani kanyimwa nyumba, nani kauawa kwa ajili ya rangi yake. Alikuwa amempata shahidi aliyesikia walinzi wakimtukana Laith.

"Lakini faili lishafungwa, dadangu," akasema. "Yaandikwa familia imekubali ni ajali, na muda wa kupinga ulikuwa mwezi mmoja. Nimepeleka barua nne. Hata kwenye ripoti yetu, mwanasheria amenikataza kumtia na waliouawa."

"Sasa nifanye nini?"

"Hakuna la kufanya." Akaanza kulia yeye kabla yangu.

Nilimchukia yule polisi, nikajichukia mwenyewe zaidi. Wiki nzima nilimficha baba, na kila siku aliniuliza kama walinzi wameshikwa. Ijumaa nikashindwa. Nilimkuta anafunga kilemba aende msikitini, nikamweleza yote, hata kwamba mfasiri nilikuwa mimi.

Akakaa kitandani, kilemba nusu kimefungwa.

"Wasan, mwanangu, mie nilikuwa nasema na Mungu," akasema. "Yule kwa nini akaandika?"

Siku ile hakwenda msikitini.