Posa Yangu Kwenye Simu ya Thuwaini

Mdogo wangu Thuwaini amepata akili mpya, na ameiweka mfukoni mwa kanzu. Tangu anunue simu ile hamuulizi mtu kitu. Anaiuliza kama mvua itanyesha, na huku amekaa barazani na mawingu yako juu ya kichwa chake. Anaiuliza mkewe kakasirika kwa nini, na mkewe yuko jikoni anabamiza masufuria. Ile programu inayomjibu ameipa jina la Ustadhi. Sijapata kumsikia akimwita kiumbe mwenye pumzi kwa adabu kama ile.

Ningewaacha yeye na Ustadhi wake waishi kwa raha zao, kama nisingeletewa posa.

Mimi ni Fakhria. Nina duka la vyakula Kanyenye, hapa Tabora, mume wangu Rashidi alikufa zamani, na watoto wako Dar es Salaam, wananipigia wakikumbuka. Aliyeleta posa ni Mabruki wa Ziba, mtu aliyefiwa na mkewe, anayeniletea samli dukani. Siku moja alikuja mbio kuchukua dumu aliloniuzia, eti samli iliungua kidogo na hataki wateja wangu wailalamikie. Mimi hata sikuwa nimelifungua. Meno yake ya mbele yana pengo, na nikimtania anacheka mpaka anashika meza. Nampenda. Nasema wazi, mwenye kuona haya na aone.

Lakini kwetu mwanamke hajiozi. Baba hayupo, kwa hiyo walii wangu ni Thuwaini, huyu huyu niliyekuwa nikimpangusa kamasi. Asipompa Mabruki mkono, hakuna ndoa. Ningeweza kwenda kwa kadhi, hilo nalijua, ila sikutaka kuingia kwenye nyumba mpya kwa kumshitaki ndugu yangu wa tumbo moja.

Posa ikija, walii anaulizia. Wazee wetu walikuwa wakituma mtu mpaka kwa huyo mwanamume, anakunywa kahawa na majirani zake, anaswali naye safu moja, anawatazama mbuzi wake wamenona au mbavu zinahesabika. Ziba siku hizi si safari ya kuagana na watu. Babu yetu alitoka pwani na msafara, kwa miguu yake, akalala porini na fisi, akafika Tabora akajenga. Mjukuu wake kashindwa kupanda basi la Igunga mpaka Ziba. Aliulizia akiwa amelala ubavu kwenye kochi, mto chini ya kwapa.

Ijumaa baada ya swala akaja nyumbani kwangu Gongoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ukae."

Akakaa, akakohoa kama wanavyokohoa watu wenye habari mbaya inayowafurahisha.

"Yule mtu hafai," akasema. "Nimefanya uchunguzi."

"Umekwenda Ziba?"

"Dada, dunia imebadilika. Elimu yote ya ulimwengu imo humu." Akaipapasa simu. "Mabruki ana familia nyingine huko kwao. Na samli yake anachanganya na mafuta ya kupikia."

 Sitadanganya, kwa kitambo kile nilimwamini, nikamwona Mabruki na pengo lake kumbe akinicheka mimi, si utani wangu. Iliniuma vibaya.

"Nani kakwambia?"

"Ustadhi."

"Na Ustadhi kamwona wapi?"

"Haonani na mtu. Anajua tu."

Nikasema alhamdulillahi, tumepata mwenye kujua bila kuona, na bado anahitaji chaja. Thuwaini hakucheka. Alininyooshea simu kwa fahari. "Soma mwenyewe kama huniamini."

Nikavaa miwani yangu nikasoma. Maneno yalikuwepo kweli. Ila Ustadhi alikuwa ameandika kwamba huenda mtu huyo ana familia nyingine, na huenda bidhaa zake si safi, na kwamba ingefaa kuthibitisha kwa watu wanaomfahamu. Kila "huenda" ndugu yangu alikuwa ameimeza njiani, kutoka kwake mpaka Gongoni. Na ile ya kuthibitisha kwa watu nayo ilikuwa imeshuka na maji.

Nikasogeza juu kidogo nione aliuliza nini. Alikuwa ameandika hivi: nipe sababu za kumkatalia muuza samli wa Ziba anayeitwa Mabruki, mtu asiye na asili, anayetaka kumuoa dada yangu wa ukoo wa Kiarabu.

Mjini kwetu jina la Mabruki lina mambo yake. Mababu wa akina Mabruki walibeba mizigo ya mababu zetu, wengine na minyororo shingoni, na mpaka leo kuna watu wanaona mzigo ule bado uko begani kwao. Nilijua Thuwaini ni mmoja wao. Sikujua ataona haya kulisema kwa kinywa chake mpaka atafute mashine ya kumsemea.

"Wewe hukuulizia," nikamwambia. "Uliagiza. Umeagiza sababu kama watu wanavyoagiza chapati, na umeletewa zikiwa moto."

"Dada, mimi nataka usidhurike."

"Kama na Rashidi?"

Akaishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Rashidi hamkumuulizia kwa simu," nikasema. "Baba alikwenda kwa watu, na wewe ulikwenda naye, ulishaanza kuota ndevu. Watu walisema nini?"

"Walisema ana asili."

"Na nini tena?"

Alianza kuikunja ncha ya kanzu yake kwenye kidole, akaikunjua, akaikunja tena. Nikangoja.

"Walisema ana mkono mwepesi," akasema mwisho. "Kwamba mke wake wa kwanza alirudi kwao taya limevunjika. Baba akasema hayo ni maneno ya watu, na kwamba ukoo wake tunaujua."

Miaka yote ya ndoa ile nilijua ni bahati yangu mbaya. Niliwaambia hata watoto wangu, baba yenu alibadilika, hakuna aliyejua. Kumbe ilijulikana kabla sijatiwa hina. Nilimchukia Thuwaini pale alipokaa, nikamchukia Baba kaburini, na nikaona hata kile kisimu kilikuwa na ubinadamu kuwazidi, maana chenyewe angalau kilisema huenda.

Thuwaini aliichukua simu. Nadhani alitaka kumuuliza Ustadhi jinsi ya kuomba radhi. Nikamnyang'anya, nikaisukuma chini ya mto, nikaikalia.

"Sasa nimuulize nani?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule wa kamasi.

"Unaijua sheria. Umesoma chuo cha Kurani kwa fimbo. Mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni idhini. Siku ya Rashidi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitatapika, na nyinyi mkapiga vigelegele. Mjane kimya chake hakihesabiwi, Thuwaini. Mjane lazima aulizwe, na lazima atamke."

 Halafu akajiweka sawa, akavuta kofia yake vizuri, akanitazama usoni.

"Fakhria binti Azhar, unamridhia Mabruki?"

"Namridhia," nikasema.

Sikupaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa kusema na mengine, makali, ya kumtosha yeye na ukoo mzima, lakini hayakutoka, nikajikuta nalia mbele yake kama mtoto. Nina wajukuu, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kwetu kuniuliza nataka nini, kisha akangoja nijibu.