Mateka wa Mwisho

Kamba ilikuwa ya katani, mpya, na nyuzi zake ziliwasha shingo kama upupu. Lynette, Mkenya wa kampuni ya sherehe, aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, kutoka shingo hadi shingo, wanaume wakiwa wamepangwa mstari mmoja juu ya changarawe chini ya milima ya Hatta. Aliwaomba radhi. Alisema kamba ya plastiki ingeonekana kwenye kamera. Kasian alifungwa wa pili kutoka nyuma, na nyuma yake akafungwa Zedekiya.

Wote walikuwa wabeba zege na wafagiaji wa kambi moja ya vibarua wa kigeni ya Muhaisnah, katika nchi ya Waarabu. Alfajiri ile msimamizi wao, Yaqoub, alipita vyumbani akichagua watu. Hakutafuta wenye misuli. Alitafuta waliokonda na weusi zaidi, akawaambia kuna kazi nyepesi mlimani, ya kutembea tu, na chakula kizuri kitakuwepo. Zedekiya alikuwa ametapika kazini jana yake, na kichwa kilikuwa bado kinamgonga. Alimwambia Yaqoub haendi, anaumwa. Yaqoub alimjibu kwa upole kwamba anayeumwa hana kazi, na asiye na kazi hurudishwa kwao. Zedekiya akavaa viatu, akapanda basi.

Walipokuwa wakisubiri, Lynette aliwaeleza mchezo wenyewe. Mwenye sherehe alikuwa tajiri wa Lagos mwenye maghala Al Quoz; walitakiwa kumwita Chifu. Babu wa babu yake, Akinlotan, alianza maisha akibeba chumvi kichwani kutoka pwani kwenda bara, katika nchi ya Wayoruba, kabla Wazungu hawajaitawala. Chumvi ikazaa nguo, nguo zikazaa bunduki. Bunduki aliwapa vijana wasio na kwao, wakawa jeshi lake. Jeshi likamletea watu. Wengine aliwatia mashambani wakamue mawese, wengine akawauza pwani apate bunduki zaidi. Akashika njia zote za biashara na malango yake, hata mfalme mwenyewe akawa hafungui kinywa kabla ya kumtazama yeye usoni. Leo wangeonyesha siku aliyorudi kutoka vitani, mji ukamtawaza Balogun, mkuu wa majeshi.

"Na sisi ni akina nani?" Zedekiya aliuliza.

"Nyinyi ni watu aliorudi nao."

"Tuna majina?"

Lynette alikuwa akikaza fundo. "Hamna maneno ya kusema, bro. Mnatembea tu."

Kasian alicheka. Zedekiya hakucheka.

Kisha wakatwishwa mitungi ya mawese. Ndani haikuwa na mawese, ilijazwa mchanga, kwa sababu Chifu alitaka uzito uonekane kwenye magoti yao. Wageni walikaa chini ya hema kubwa lenye mashine za kupuliza ubaridi. Ngoma zikaanza. Mwigizaji aliyekuwa Balogun alitangulia juu ya farasi mweupe, wapiga bunduki wakamfuata, na mateka nyuma yao, juani, wakaanza kuuzunguka uwanja.

Mzunguko ulirudiwa. Mpiga picha hakuridhika na vumbi, wakaambiwa warudie tena. Kasian alikuwa akisikia pumzi za mwenzake nyuma ya sikio, fupifupi, kama za mtoto mwenye homa.

"Kasian," Zedekiya alisema, "naona giza."

Kamba ikamvuta Kasian shingoni hadi akapiga magoti. Mtungi ulipasuka, mchanga ukamwagika. Alipogeuka, Zedekiya alikuwa amelala kifudifudi, na ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. Hakukuwa na tone la jasho. Kasian alipaza sauti kwa Kiswahili kwamba mtu anakufa, leteni maji. Wapiga ngoma walidhani ni sehemu ya mchezo, wakaongeza kasi. Chini ya hema wageni walisimama na kupiga makofi, simu zao juu. Mwigizaji wa Balogun aligeuza farasi, akainua upanga juu ya mtu aliyeanguka na kusema maneno aliyofundishwa kusema.

Kasian alihangaika na fundo. Halikulegea. Lynette ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuja mbio bila viatu, na kamba ile ilikatwa kwa kisu kilichoandaliwa kwa ajili ya keki.

Jioni habari ililetwa kutoka hospitali kwamba Zedekiya amefariki. Chifu alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa basi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia, hilo Kasian hakulikana. Alisema kwamba katika nyumba ya babu yake, mtu aliyekufa safarini hakutupwa, alizikwa kwa nguo. Akatoa kitambaa kizito kilichofumwa kwa mkono. Yaqoub alikipokea kwa mikono miwili.

Basi lilipoondoka, Yaqoub akaja kukaa karibu na Kasian.

"Ukiulizwa, rafiki yako alikuwa mapumzikoni. Alikuja kutembea, hakuwa kazini."

"Alikwambia anaumwa. Nilikuwepo."

"Pasipoti yako iko kwa nani, Kasian?"

Kasian alitazama dirishani. "Kwako."

"Khalas, yameisha." Kisha akaongeza kwamba kampuni ndiyo itakayoijulisha familia, taratibu zikikamilika, na kwamba atakayetangulia kupiga simu atakuwa amejiharibia.

Taratibu hazikukamilika. Kasian alirudi kwenye zege. Akitembea, alihisi kitu kikimvuta kidogo shingoni, akajikuta akipunguza mwendo ili wa nyuma amfikie. Wenzake walimsukuma, wakamuuliza anamngoja nani. Kile kitambaa hakukiona tena.

Video ya sherehe ile ikasambaa mitandaoni. Watu wasiojua kitu waliandika kwamba mateka wa mwisho ameigiza kuliko wote, kwamba apewe tuzo.

Ijumaa, akiwa anafua nguo uani kambini, simu ililia. Alikuwa Mercyline, mke wa Zedekiya, kutoka Kisii. Mara zote alizopiga siku zile Kasian hakuipokea. Safari hii kidole kilitangulia.

"Shemeji, hatimaye," Mercyline alisema. Alikuwa anacheka. "Tumeiona hiyo video. Mbona hakutuambia amepata kazi ya kuigiza? Simu yake haishiki, najua wakubwa wamemshikilia huko. Nimewaonyesha hadi watu wa kanisa."

"Shemeji," Kasian alianza.

"Ngoja kwanza, usikate. Hebu sikia hawa watoto."

Akaisogeza simu. Kasian alisikia mwili mdogo ukijibwaga sakafuni, kicheko, kisha ukimya mrefu wa mtoto anayejitahidi asitikisike. Mwingine alikuwa akilalamika, karibu kulia.

"Amka, umelala sana. Sasa ni zamu yangu kuwa baba."