Nne, Sita

Mume wangu Jaafari aliniacha, au hakuniacha. Mtaa mzima wa Langoni hakuna wa kuniambia.

Alikuwa mpishi wa Wazungu huko Malindi, na mwaka ule wa sitini na tano nilichoka kuitwa mke wa mtu nisiyemwona. Nikamwandikia: rudi, au niache nijue moja. Sijutii; mtu mzima haolewi na bahasha. Akajibu kwa hasira zake: "Nisipofika kabla ya tarehe 4/6, umeachika talaka tatu."

Basi akafika. Kiharusi kilimpiga ndani ya basi, hata Mokowe, penye gati, hakuteremka kwa miguu yake. Akavushwa kwa mashua, akaletwa nyumbani kwa dada yake Hadia, mdomo umekwenda upande, ulimi umekufa. Juni ilikuwa imeshafika katikati. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wa sita kwetu tangu Ramadhani kwisha, ulikuwa bado haujaandama.

Sasa sita ni ipi? Barua zake nazijua. Akitaja mshahara, sita ni Juni. Akitaja Maulidi au arusi, sita ni Mfungo Sita. Talaka nayo iko upande gani? Nililigeuza swali hilo mpaka kichwa kikaniuma, maana ikiwa ni Juni, yule si mume wangu tena, hata kumfuta uso ni haramu kwangu.

Hadia alinizuia mlangoni. "Nduu yangu amekaa na Wazungu, hesabu yake ni ya Kizungu. Ndia ya kuingia huna, wifi."

Nikamleta Mwalimu Abdulkadir. Akasema, "Shaka haivunji ndoa, Bi Mwanamkisi. Lakini mwenye kuyua yu hai. Tumuulize yeye kwanza."

Tukaingia, nikasimama mbali. Mwalimu akainama. "Bwana Jaafari, ulikusudia Juni?"

Akaitikia kwa kichwa. Hadia akashusha pumzi.

"Au ulikusudia Mfungo Sita?"

Akaitikia vilevile, macho yake yakinitazama mimi.

Mwalimu akarudia, akaanza na la pili, akamalizia la kwanza. Jaafari akaitikia yote. Mwisho nikauliza mwenyewe, "Jaafari, mimi ni mkeo?" Akaitikia. "Umeniacha?" Akaitikia, machozi yakimtoka, na udenda ukamteremka mpaka shingoni.

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nikakiinua, nikaikumbuka Juni. Nikampa Hadia kitambaa, nikamwambia amfute.