Ugonjwa wa Kuletwa

Mwanaisha wa Sindeni alianza kuumwa wakati wa kupalilia mahindi. Kila akienda haja ndogo mkojo ulimuunguza, na jioni kiuno kilimuuma asiweze kuinama. Pale zahanati hawakumpima. Walimsikiliza mlangoni, wakasema ni UTI, wakampa vidonge. Akapata nafuu, kisha maumivu yakarudi.

Tangu hapo mumewe, Mdoe, akawa anamnunulia dawa dukani. Leo kapsuli za rangi mbili, mwezi unaofuata sipro, kila mara vidonge vichache vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Ukipata nafuu inatosha," alikuwa akimwambia. "Dawa nyingi zinachosha mwili."

Ugonjwa uliporudi tena, mama mkwe wake, Bi Mwaija, akaanza kusema. "UTI gani isiyopona? Huo ni ugonjwa wa kuletwa. Muulizeni huyo mwanamke anapita wapi akienda gulioni."

Mdoe hakumtetea mkewe. Badala yake aliita kikao. Mbele ya baba yake mdogo, Mzee Ramadhan, na majirani watatu, alimtaka Mwanaisha amtaje mwanamume aliyempa maradhi. Mwanaisha alikuwa anatetemeka kwa homa. Akasema hakuna mwanamume. Hakuna aliyemwamini.

Dada yake, Maryamu, aliposikia, alitoka Makuyuni akaja kumchukua. Hakuketi wala hakunywa maji ya watu wale. Alimpeleka moja kwa moja hospitalini Korogwe, watoto wakabaki na baba yao.

Daktari aliyewapokea aliitwa Grace. Alimlaza Mwanaisha, akachukua mkojo wake ili wadudu waoteshwe maabara na kujaribiwa dawa, kisha akamwanzishia sindano. Majibu yalipotoka alikaa kitandani kwa mgonjwa.

"Ulitumia dawa gani, mama?"

Mwanaisha akazitaja.

"Zote hizo haziwawezi tena wadudu ulio nao. Dozi ikikatizwa, wanakufa wale dhaifu tu. Wale wakali wanabaki, wanazaana. Wamekuwa sugu, na wamepanda mpaka kwenye figo."

"Nimewatoa wapi, daktari?" Mwanaisha aliuliza. "Nyumbani wanasema nimewaleta kwa wanaume."

Uso wa daktari ulibadilika. "Wadudu hawa wanaishi tumboni mwa kila mtu, hata mwangu. Wakipotea njia wakaingia kwenye mkojo ndiyo shida. Mtoto mchanga anaumwa, bikira anaumwa. Nani aliyekuambia upuuzi huo?"

Mwanaisha alilia. Maryamu alidhani ni kwa faraja, lakini alilia kwa hasira.

Daktari akambadilishia sindano kufuatana na majibu, zikamponya. Mdoe alikuja hospitalini kumchukua, amevaa shati safi. "Mama alikuwa na wasiwasi tu," akasema. "Twende nyumbani, tuyamalize."

"Ulinivua nguo mbele ya watu, unataka kunivika chumbani?" Mwanaisha akamjibu. "Waite wote waliokuwepo."

Wakaitwa, wakakutana Sindeni. Mwanaisha alieleza aliyoambiwa na daktari, kisha akamgeukia mumewe. "Dawa nusunusu ulizileta wewe. Nimekaribia kufa kwa karatasi zako, huku ukinitafutia mwanamume wa kusingiziwa!"

Jirani mmoja alikohoa. Mzee Ramadhan, ambaye naye hakumwamini siku ile, alimgeukia mwana wa kaka yake. "Mdoe, sema," akaamuru.

Mdoe akasema amekosa. Alisema kwa sauti ndogo, akaambiwa arudie, akarudia.

"Haya, yameisha," Bi Mwaija akadakia, akiinuka kukung'uta kanga. "Sisi tulijuaje? Hatukusomea udaktari."

"Hamkujua," Mwanaisha akasema, "lakini mlikuwa na uhakika."

Alipanda pikipiki na dada yake wakaenda Makuyuni. Mdoe alimfuata mara kadhaa akarudi peke yake. Mvua za masika zilipoanza, Mwanaisha alirudi Sindeni, kwa kuwa shamba lilikuwa lake pia na watoto walikuwa wanamlilia. Salamu ya mama mkwe wake aliiitikia, kama adabu inavyotaka. Zaidi ya hiyo hakumpa neno.