Spika na Chupa ya Ng'ombe

Fainali ilikuwa imepamba moto, na mtaa mzima ulikuwa umetega sikio redioni kumsikiliza kaka yangu mtangazaji. Tunamwita Spika, kwa kuwa tangu utotoni hajui kunong'ona. Mimi nina duka la dawa za mifugo. Nilikuwa napanga chupa huku nikipiga kelele kila timu yetu ilipogusa mpira.

"Wasikilizaji!" alinguruma Spika. "Leo sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nikapita dukani kwa mdogo wangu, alipogeuka nikachukua dawa ya ng'ombe ya kifua. Nimetoka kupiga mafunda mawili sasa hivi! Si mnanisikia? Ila yeye asiambiwe!"

Nje watu wakaangua kicheko. Mimi nikaikimbilia simu. Dawa ile ni ya sindano, tena ya ng'ombe tu. Sisi wauzaji hata tukijichoma kwa bahati mbaya tunakimbizwa hospitali, maana moyo wa mtu hauistahimili.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga ile namba ya wasikilizaji kutuma salamu.

"Karibu mpenzi msikilizaji, unamsalimia nani?" akapokea mtangazaji mwenzake wa studioni, moja kwa moja hewani.

"Simsalimii mtu! Spika amekunywa sumu! Mtoeni kwenye kibanda cha utangazaji hapo uwanjani, mpelekeni hospitali!"

Spika akacheka hewani. "Jamani, huyu mdogo wangu kwa kukuza mambo! Haya, mpira kwa namba kumi, anampita mmoja, anampita... anam..."

Akanyamaza. Kaka yangu, kunyamaza!

Nilinyakua chupa nyingine ya dawa ileile, nikadandia pikipiki. Uwanja hauko mbali, lakini siku hiyo niliona kama umehamishwa. Getini nikakuta mechi imesimama na mashabiki wa timu zote mbili wamembeba Spika juujuu, wanamwingiza kwenye gari la wagonjwa. Jasho lilikuwa linamchuruzika. Nikaruka ndani. Muuguzi alisoma karatasi ya chupa, akampigia dereva kelele akanyage mafuta.

"Asilale huyu," akaniambia. "Mzungumzishe!"

Maisha yangu yote nimemwomba huyu mtu afunge mdomo. Sasa nikamtikisa mabega.

"Tangaza, Spika! Tangaza!"

"Gari... linapanda kulia," akasema, sauti ikikatikakatika. "Linakata kona... Mdogo wangu analia, wasikilizaji."

"Silii! Endelea!"

Hospitalini wakambandika nyaya kifuani. Akafumba macho. Mashine ikawa inalia ovyo, inakimbia, inasita, inakimbia tena. Daktari akasema dawa ya kuiondoa ile hakuna, kazi ni kuushikilia moyo mpaka makali yaishe. Nikaushika mkono wake wa baridi, nikaanza kutangaza mwenyewe, mimi nisiyejua hata watu wangapi wanacheza.

"Namba kumi anapiga penalti! Shuti kali! Kipa anaruka, anadaka! Goooli! Goli, Spika, unasikia? Goli!"

Wauguzi walinitazama. Sikujali. Nikafunga magoli mengine, yote ya namna hiyo, mpaka koo langu nalo likakauka, na mlio wa mashine ukaanza kutulia.

Kidole chake kikanigusa kiganja. Nikainama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, kaka yangu alinong'ona.

"Kipa akidaka," akasema, "si goli, mjinga wewe."