Mwitikio Binafsi Uko Ubaoni

Na wewe ulinakili. Usijifanye hukumbuki. Mwalimu aliandika ubaoni, ukainamisha kichwa, ukanakili, ukapata alama zako, na tangu hapo kila ukiulizwa kuhusu walioondoka wasirudi unatazama pembeni kana kwamba umeitwa na mtu. Basi leo tulia hapo ulipo usome mpaka mwisho, maana kilichotokea kilitokea mchana kweupe na watu wazima walikuwepo.

Kilikuwa kipindi cha fasihi, baada ya mapumziko mafupi, saa ile darasa linanuka jasho na vumbi la chaki. Mwalimu wa fasihi, ambaye wanafunzi walimwita Mwongozo kwa kuwa hakuwahi kuonekana na kitabu chenyewe ila vijitabu vya majibu yake, alifuta ubao kwa kiganja, akaandika juu kabisa: Mwitikio Binafsi wa Mwanafunzi. Chini yake akaandika mwitikio wenyewe. "Mimi binafsi niliguswa mno na safari ya mhusika mkuu kwa kuwa ilinifunza uvumilivu. Safari hubadilisha maisha." Darasa zima likaanza kunakili. Wote waliguswa mahali pamoja kwa maneno yale yale, na aliyechelewa kuguswa aliomba ubao usifutwe.

Kitabu kilihusu kijana anayeondoka kwao fukara, anavuka nchi, anataabika, anarudi na masanduku na busara. Nakala zilitolewa bure na Wakala. Wakala alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, na kazi yake ilikuwa kupeleka vijana nje wakafanye kazi za majumbani na za ujenzi. Basi lake liliondoka stendi kila mwisho wa mwezi. Waliofaulu walipanda, waliofeli walipanda, na ndani ya jalada la kila kitabu ulikuwepo muhuri wa ofisi yake na namba ya simu.

Chiriku alikaa karibu na dirisha. Jina hilo alipewa na dada yake mkubwa kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea. Hakutazama ubaoni. Aliandika:

"Sikuguswa na uvumilivu. Niliguswa na mlango. Kwenye sura ya tatu mwenyeji anamkaribisha msafiri, anampa kitanda, kisha anafunga mlango kwa nje. Msafiri analala fofofo. Mwandishi anauita huu ukarimu. Mimi nilisoma ukurasa mzima nikisubiri mtu aulize ufunguo anao nani."

Alipoweka nukta ya mwisho, dawati lake lilisogea kuelekea mlangoni, kama upana wa kiganja. Lilikwaruza sakafu kidogo, likatulia.

Aliyekuwa jirani yake aligeuka. Huyu aliitwa Redio, kwa kuwa hazimwi.

"We, mbona unanijia?"

"Sijasogea."

"Basi dawati limesogea."

"Ndiyo."

"Liambie huku kumejaa," Redio akasema, akarudi kunakili.

Mwongozo alipita akikusanya madaftari. Alisoma la Chiriku akiwa amesimama, akachomoa kalamu nyekundu, akapiga mstari kutoka kona hadi kona.

"Hili si jibu."

"Ni mwitikio wangu, mwalimu."

"Mwitikio wako binafsi uko ubaoni. Unakili. Na hilo dawati lirudishe kwenye safu."

Chiriku na Redio walilisukuma. Halikurudi. Redio alisema limekuwa zito kama mwanasiasa.

Lazima ujue kuhusu dada, maana ndiye kiini cha haya yote. Dada mkubwa alipanda basi la Wakala akiwa na sanduku jipya na kitambulisho kikining'inia shingoni. Alipiga simu mara ya kwanza akicheka. Mara ya pili alinong'ona. Alimwambia Chiriku kwamba pasipoti yake wameichukua, kwamba chumba anacholala kinafungwa kwa nje, na kwamba mama aambiwe polepole. Hapakuwa na mara ya tatu. Mama alikwenda ofisini kwa Wakala na sauti ile kichwani. Alipewa kiti, akapewa soda, akaambiwa, "Mama, safari ni shule. Mwache mtoto akomae." Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulikuwa na mtu wake aliyekuwa akikomaa.

Kazi zile za fasihi zilihesabiwa kwenye mtihani wa mwisho. Asiyewasilisha mwitikio hafanyi mtihani, na Mwongozo aliwasilisha tu miitikio iliyofanana na ya ubaoni, kwa sababu wasahihishaji hawakutaka usumbufu. Kila wiki iliandikwa mpya na kila wiki Chiriku aliandika yake. Aliandika kuhusu mto ambao msafiri anauvuka kwa mtumbwi, akauliza kwa nini mpiga kasia hana jina. Dawati likapita safu ya kati. Aliandika kuhusu tajiri anayemwita msafiri "mwanangu" huku akimlaza stoo. Dawati likafika mbele, karibu na meza ya mwalimu, na Mwongozo akawa analizunguka kwenda ubaoni. Hakulalamika. Alisema tu kwamba wanafunzi wa nyuma sasa wamempoteza mtu wa kuwazibia jua.

Mkuu wa shule alimwita fundi seremala. Fundi alilitoboa dawati miguuni, akalifunga kwenye saruji kwa skrubu ndefu, akapangusa mikono. Kipindi kilichofuata Chiriku aliandika sentensi mbili na dawati likaondoka na kipande cha sakafu. Fundi aliitwa tena. Alipiga magoti, akakagua.

"Skrubu zangu zimeshika," akasema. "Hakuna hata moja iliyolegea. Sakafu sikuijenga mimi."

"Kwa hiyo tufanyeje?" Mkuu akauliza.

"Mngesoma alichoandika mtoto, labda lingetulia. Mimi nimeitwa kwa skrubu."

Mkuu hakusoma kitu. Alisimama penye kizingiti, ambako dawati lilikuwa limebakiza hatua chache kufika, akatoa uamuzi. Mwanafunzi ni yule ambaye dawati lake limo darasani. Likivuka kizingiti, aliyelikalia si mwanafunzi, na jina lake halitakwenda kwenye mtihani. Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma ratiba.

Siku iliyofuata Mama alikuja wakati wa chakula cha mchana. Alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji. Alisimama nje ya dirisha la darasa akashika nondo.

"Mwanangu, ni mistari miwili tu."

"Naijua, mama. Naijua kwa moyo."

"Basi iandike. Ukishapata cheti chako sema unachotaka, panda hata juu ya paa."

"Nikiandika nitakuwa nimesema dada amefunzwa uvumilivu."

"Dada yako hataisoma."

"Ndiyo maana, mama."

Mama alisogeza uso karibu na nondo. Kisha akasema kwamba Wakala alipita nyumbani. Alikuwa amesikia habari za dawati. Alisema mtoto akikosa mtihani asihuzunike, kiti chake kwenye basi la mwezi huu ameshakitenga. Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akairudisha glasi jikoni yeye mwenyewe.

"Mstaarabu sana yule," Mama akasema, na vidole vyake havikutoka kwenye nondo.

Mchana ule Chiriku alijaribu. Aliandika "Mimi binafsi niliguswa mno" na dawati likaanza kurudi nyuma bila kelele, laini, likipita meza ya mwalimu. Kipande cha saruji miguuni pake kilielea juu ya sakafu kama sahani. Darasa liliendelea na kazi. Redio alivuta mguu wake lisimkanyage. Chiriku alitazama safu ya dirishani ikija na pengo lake lililomsubiri, akahisi usingizi mtamu, ule wa msafiri wa sura ya tatu. Akaikata ile sentensi kwa kalamu. Dawati likasimama pale lilipokuwa, katikati ya chumba.

"We mjinga kweli," Redio akamwambia kwa chini. "Mbona lilikuwa linafika?"

"Lilikuwa linafika wapi?"

"Kwenye mtihani, mwenzangu. Wewe unadhani mimi naamini haya? Mimi nanakili nipite. Nikishapita ndiyo nianze kuamini vyangu."

Siku ya kuwasilisha, Wakala alikuja na bodi nzima. Viti vya wageni vilipangwa mbele. Alivaa suti ya kijivu, aliwasalimia walimu kwa majina na kuuliza hali za watoto wao. Alipomwona Chiriku alitabasamu kwa upole.

"Binti, nasikia wewe mwitikio wako hautoshi ubaoni. Hebu tusomee."

Mwongozo alikohoa. Mkuu alitazama kizingiti. Chiriku alifungua daftari akasoma.

"Ukurasa wa kwanza, msafiri anapanda lori pamoja na vijana wengine. Mmoja ana kikapu. Mmoja anaimba. Mmoja anamwomba asogee kidogo akae. Ukurasa wa mwisho msafiri anashuka peke yake."

Dawati liliondoka. Halikwenda kwa haraka. Lilivuka kizingiti pale aliposema "peke yake," naye Mkuu akalifuta jina lake hapo hapo, kwa penseli kwanza, kisha kwa wino. Kwa kuwa Wakala alitaka kusikia mwisho, aliinuka akawa anatembea kando ya dawati, na bodi ikamfuata, na Mwongozo nyuma yao na miavuli, maana jua lilikuwa kali. Chiriku aliendelea kusoma bila kuinua kichwa.

"Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi nikiwatafuta. Nimetafuta kwenye sura ya mto. Nimetafuta stoo kwa tajiri. Aliyeimba haimbi tena popote. Maswali ya mwisho wa kitabu yanauliza msafiri alijifunza nini. Hayaulizi wale wengine walishukia wapi. Mwitikio wangu ni huu: nataka kujua walishukia wapi, na nataka aliyewapakia ndiye ajibu."

Walikuwa wamefika getini. Mlinzi aliuzuia msafara kwa rungu.

"Mali ya shule haitoki bila kibali," akasema.

Mkuu alitoa kalamu akaandika kibali cha dawati moja na kipande cha sakafu. Kwa mwanafunzi hakuandika kitu, kwa sababu hapakuwa na mwanafunzi. Geti likafunguliwa.

Wakala alipiga makofi kidogo, vidole vitatu kwenye kiganja.

"Una kipaji," akasema. "Kweli kabisa. Kule unakokwenda utakutana na mambo mengi ya kuandika. Kiti chako kipo."

"Nina kiti," Chiriku akajibu, na dawati likaingia barabarani.

Watu walilizoea mapema kuliko unavyofikiri. Lilikwenda upande wa lami, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, kwenye njia ile ile basi la Wakala linayopita kuelekea mpakani. Madereva waliliwashia taa za kuonyesha kulia, wakalipita. Trafiki alilisimamisha mara moja kuuliza kama lina viakisi mwanga. Chiriku akapaka chaki nyeupe nyuma ya kiti na ikatosha. Mama alimfuata na chakula kila alipotoka kazini, na kila siku alikwenda mbali zaidi. Akimfikia alikaa ukingoni mwa kile kipande cha saruji kama mtu aliyekaa barazani, akala naye, akasomewa kilichoandikwa siku hiyo. Kulikuwa na sura nzima sasa kuhusu aliyemwomba msafiri asogee. Hakumwambia tena anakili. Aliuliza tu kama dawati linajua mahali penyewe. Chiriku alisema linajua mwelekeo.

Shuleni fundi aliziba shimo la sakafu kwa saruji mpya. Matokeo ya miitikio yalirudi na Mwongozo akapongezwa, maana darasa zima liliguswa kwa kiwango cha juu. Wakala alitoa kitabu kingine, bure, kuhusu safari nyingine. Ofisi yake ingali wazi. Mama alikwenda tena kumuulizia dada, akapewa kiti kile kile na soda.

Na Redio alipita. Alama zake za fasihi zilikuwa za kwanza darasani. Alipokwenda kuanza kuamini vyake alikuta chuo kinataka asichokuwa nacho, na duka linataka mwenye uzoefu, na nyumbani wadogo zake wanamtazama mikono. Ndani ya jalada la kitabu kulikuwa na namba ya simu. Akapiga.

Basi limeegeshwa stendi sasa hivi, unaposoma haya. Sanduku la Redio limeshapandishwa juu, lile la buluu lililofungwa kamba. Yeye kakaa dirishani, anawatania wenzake, amemwambia aliye pembeni yake asogee kidogo akae vizuri. Pasipoti zao zote zimo ndani ya mkoba wa kondakta, chini ya kiti chake. Injini inanguruma. Wakala anawaaga mmoja mmoja kwa jina.

Usiniambie imekugusa. Vaa viatu. Nenda stendi, simama mbele ya basi hilo, umwambie kondakta afungue mkoba, na usitoke hapo mpaka kila mmoja ameshika pasipoti yake mkononi na Wakala amesema kwa sauti, mbele ya watu, wale wa mwezi uliopita walishukia wapi. Nenda sasa.